Ubongo, Pombe na Usukani: Somo Kutoka Maabara ya Leonard Goldberg

Utangulizi

Kila inapotokea ajali kubwa barabarani, tunasikia msemo ule ule: ajali haina kinga. Tunausema kwa huruma, ili kuwafariji waliofiwa. Lakini ziko ajali zenye kinga, na kinga yake imejulikana kwa vipimo kwa zaidi ya miaka 70. Ajali ya dereva aliyekunywa pombe ni mojawapo.

Katika somo hili tutamwangalia mtafiti mmoja wa tiba, Leonard Goldberg wa Taasisi ya Karolinska huko Stockholm, Sweden. Alianza kwa kuchunguza jinsi pombe inavyogusa mishipa ya fahamu, na uchunguzi huo ukamfikisha kwenye swali la usalama barabarani. Tumemchagua kwa sababu kazi yake inajibu hoja tunayoisikia karibu kila sherehe: "Mimi pombe nimeizoea, nitaendesha vizuri tu." Swali la somo letu ni hili: je, mtu aliyekunywa anaweza kuwa shahidi mwaminifu wa hali yake mwenyewe?

1. Zamani ulevi ulipimwa kwa macho

Mwanzoni mwa karne ya 20, magari yalipoanza kuongezeka Ulaya, daktari aliyeitwa na polisi kumpima dereva hakuwa na chombo cha maana. Alimnusa mdomo, akamtazama macho, akamwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, akamsikiliza anavyozungumza. Dereva aliyeyumba alionekana mlevi. Aliyesimama wima na kujibu vizuri aliachwa aende zake. Mahakamani, daktari mmoja aliweza kusema hivi na mwingine akasema vile kuhusu mtu yule yule.

Badiliko lilitoka Sweden. Mwaka 1922, Erik Widmark, mtaalamu wa kemia ya mwili katika Chuo Kikuu cha Lund, alitangaza njia ya kupima pombe kwa kutumia matone machache tu ya damu. Alichunguza pia jinsi pombe inavyosambaa mwilini na jinsi inavyopungua saa hadi saa, na mwaka 1932 akatoa kitabu kilichoeleza hesabu zake. Mwaka 1934 sheria ya Sweden iliruhusu dereva anayeshukiwa kunywa apimwe damu.

Sasa kiasi cha pombe kilijulikana. Lakini swali moja lilibaki wazi: kiasi hicho kinafanya nini ndani ya ubongo wa mtu? Watu wawili wanaweza kuwa na pombe sawa katika damu, mmoja anayumba na mwingine anatembea sawasawa. Sheria ingesemaje juu yao? Hapo ndipo kazi ya Goldberg inapoanzia.

2. Goldberg apima mishipa ya fahamu

Mwaka 1943 Goldberg alitoa tasnifu yake kubwa kuhusu ustahimilivu wa pombe kwa binadamu. Aliwagawa watu katika makundi matatu: wasiokunywa kabisa, wanaokunywa kwa kiasi, na wanaokunywa sana. Aliwapa pombe, akapima damu yao mara kwa mara, na kila alipopima damu alipima pia kazi za mishipa ya fahamu.

Vipimo vyake vilikuwa rahisi kueleweka. Kimoja kilihusu mwanga unaowaka na kuzima kwa haraka sana. Ukiongeza kasi, jicho hufika mahali likaona mwanga mmoja usiokatika. Ubongo uliochoka au uliolewa hufika hapo mapema zaidi, maana yake hauwezi tena kutenganisha mambo yanayofuatana upesi. Kipimo kingine kilihusu uso wa jicho: ni mguso wa nguvu kiasi gani unaohitajika ili mtu apepese? Kingine kilihusu kusimama wima bila kuyumba, na kingine kukutanisha ncha za vidole. Mwisho kulikuwa na kazi za akili, kama vile kutoa hesabu na kufuta herufi fulani katika ukurasa uliojaa herufi.

Kila kazi ilikuwa na kiwango chake cha pombe ambapo ilianza kuharibika. Jambo la kwanza la kushika ni kwamba uharibifu ulianza mapema, wakati mtu bado anaongea vizuri na hakuna mtu mezani ambaye angemwita mlevi. Macho ya rafiki hayaoni kile ambacho chombo kinaona.

Leo tunaelewa zaidi sababu yake. Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali. Ziko kemikali zinazotuliza na ziko zinazoamsha. Pombe huzipa nguvu zile za kutuliza na kuzidhoofisha zile za kuamsha. Ubongo mdogo ulioko nyuma ya kichwa, unaopanga mizani na miendo ya viungo, hupunguza usahihi wake. Sehemu ya mbele ya ubongo, tunayoitumia kupima hatari, kujizuia na kujikosoa, nayo hulegea. Kulegea huko ndiko tunakokuita kuchangamka.

Tuitafakari hali hii kidogo. Kiungo kinachopaswa kutoa uamuzi, "Je, niko sawa kuendesha?", ni kile kile ambacho pombe imekigusa. Ni kama kumwuliza mtu aliyelala kama amelala. Hata mtu mkweli kabisa atatoa jibu lisilo sahihi, na atalitoa kwa moyo mweupe.

3. Kuzoea pombe si kinga

Katika makundi yale matatu, Goldberg aliona tofauti iliyo wazi. Wasiokunywa waliharibikiwa kwenye kiwango kidogo cha pombe katika damu. Wanaokunywa kwa kiasi walifuata. Wanaokunywa sana walistahimili kiwango cha juu zaidi kabla ya dalili kuonekana. Kwa hiyo ule usemi wa mitaani kwamba fulani pombe haimpati una ukweli ndani yake: ubongo uliozoea pombe hujirekebisha, na dalili hupungua.

Lakini hebu tuangalie ukweli huo unaishia wapi. Kwanza, hata waliozoea waliharibikiwa. Tofauti ilikuwa ni kiwango tu. Pili, aliyezoea hanywi kile anachokunywa mgeni wa pombe. Kwa kuwa chupa mbili hazimpi kitu, huendelea hadi ya tano au ya sita, na hivyo huukuta mpaka wake mbele ya safari. Ustahimilivu unampeleka kunywa zaidi, na kunywa zaidi kunamrudisha kwenye hatari ile ile. Tatu, ubongo hujizoeza zaidi yale ambayo mtu huyafanya mara nyingi akiwa amelewa, kama vile kusimama, kuongea na kutembea kurudi nyumbani. Mtoto anayekimbilia mpira barabarani gizani si jambo la kuzoeleka. Hilo linadai uamuzi mpya ndani ya sekunde moja, na hapo mazoea hayamsaidii mtu.

Kwa sababu hiyo, mtu anayesifiwa kwa kuimudu pombe anastahili kuhofiwa zaidi akishika usukani. Wenzake wanamwamini, naye anajiamini.

4. Kutoka maabara hadi kwenye gari

Mwaka 1950 Goldberg na mwenzake Kjell Bjerver walichapisha utafiti uliohamisha swali hili kutoka maabara hadi kwenye gari lenyewe. Hawakuchukua wanafunzi wa udereva. Walichukua madereva mahiri, wakawapa kazi ndogo ndogo za usahihi kwa mwendo wa polepole kwenye uwanja wa majaribio, mbali na watu. Baadhi walipewa pombe, wengine hawakupewa, kisha makundi yakalinganishwa.

Matokeo yalikuwa wazi. Kwa pombe ya kiasi cha miligramu 40 hadi 50 katika kila mililita 100 za damu, utendaji wa madereva hao mahiri ulishuka kwa asilimia 25 hadi 30. Mwanzo wa uharibifu waliuona kwenye miligramu 35 hadi 40. Hawa walikuwa watu wenye ujuzi, mchana, bila abiria wa kuwapigia kelele, na bila pikipiki kuchomoza ghafla pembeni.

Mwaka huo huo wa 1950, mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu pombe na usalama barabarani ulifanyika Stockholm. Goldberg alizungumza huko juu ya jambo tuliloliona: ustahimilivu wa wanywaji wa kiasi na wanywaji wakubwa, na maana yake kwa barabara. Mikutano hiyo imeendelea katika nchi mbalimbali.

Sheria nazo zilisogea. Norway iliweka kikomo cha miligramu 50 mwaka 1936. Sweden ilianza na 80 mwaka 1941, ikashuka hadi 50 mwaka 1957, kisha hadi 20 mwaka 1990. Uingereza ilianza kutumia kikomo cha 80 mwaka 1967. Huko Marekani, Robert Borkenstein, aliyebuni chombo cha kupima pombe kwa pumzi mwaka 1954, aliongoza utafiti mkubwa katika mji wa Grand Rapids, uliotolewa mwaka 1964. Uliwalinganisha maelfu ya madereva waliopata ajali na maelfu wasiopata, ukaonyesha kwamba kiwango kinapovuka 80, hatari ya ajali hupanda kwa kasi. Kile ambacho Goldberg alikiona kwenye mwanga unaopepesa na kwenye uwanja wa majaribio, sasa kilionekana kwenye barabara za mji mzima.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ina kikomo cha miligramu 80. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi 50 kwa madereva wote, na kisizidi 20 kwa vijana na madereva wapya. Tukumbuke kwamba kikomo cha sheria ni mahali ambapo adhabu inaanza. Hatari ilikwisha kuanza kabla ya hapo.

5. Asubuhi ya siku ya pili

Goldberg aliendelea na uchunguzi. Mwaka 1956, yeye na wenzake walieleza jinsi macho ya mtu aliyekunywa yanavyochezacheza yenyewe akilala ubavu. Kucheza huko huanza kama nusu saa baada ya kunywa na kudumu saa tatu au nne. Kisha hutulia. Halafu, saa tano au sita baada ya kunywa, huanza tena, safari hii kuelekea upande wa pili, na huendelea hata baada ya pombe kwisha kabisa katika damu.

Chanzo chake kiko katika sikio la ndani, panapokaa kiungo cha mizani. Humo mna utando mdogo unaoelea katika majimaji. Pombe huingia kwenye utando kabla ya kuingia kwenye majimaji, ikaufanya uwe mwepesi. Baadaye hutoka kwenye utando kwanza, ukawa mzito. Nyakati zote mbili ubongo hupokea habari ya uongo kwamba kichwa kinazunguka. Ndiyo maana mtu huamka na kusema dunia inamzunguka, ingawa aliacha kunywa usiku wa manane.

Hapa pana onyo kwa wale wanaosema, "Nitalala kidogo, alfajiri nitaendesha." Usingizi hauondoi pombe. Ini huiondoa kwa mwendo wake, kwa wastani miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Kahawa, maji baridi, supu na hewa safi haviharakishi kazi hiyo. Vinamfanya mlevi awe macho tu.

6. Tufanye hesabu pamoja

Widmark alituachia kanuni inayofaa kujifunza. Chukua gramu za pombe zilizonywewa. Gawanya kwa uzito wa mtu uliozidishwa kwa 0.68 kama ni mwanamume, au kwa 0.55 kama ni mwanamke. Jibu ni gramu za pombe katika kila kilo ya damu. Zidisha kwa 100 upate takriban miligramu katika mililita 100.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa moja inaleta takriban 42. Chupa tatu zinaleta takriban 126. Hata akikaa saa mbili, ini litapunguza 30 tu, naye ataondoka na 96, juu ya kikomo cha Tanzania. Mwanamke wa kilo 60 akinywa chupa moja tu anafika takriban 60. Mtu aliyefika 180 saa sita usiku atahitaji saa 12 ili damu yake isafike. Ibada ya kwanza ya Dominika itamkuta bado amelewa.

Mafrateri huuliza mara nyingi kuhusu divai ya misa. Tuchukue mililita 30 za divai ya asilimia 12, ambazo zina gramu 3 hivi za pombe. Kwa padre wa kilo 70 hizo ni takriban 6. Akiadhimisha misa tatu katika vigango vitatu kwa kiasi hicho hicho, hata tusipotoa kazi ya ini, hajafika 20. Hatari ya padre haiko altareni. Iko mezani baada ya misa, wakati parokia inasherehekea, kila jumuiya imeleta kinywaji chake, na kukataa kunaonekana ni kukosa adabu.

Hesabu hizi ni za wastani. Miili hutofautiana, pombe za kienyeji kama mbege, ulanzi na gongo hazina nguvu inayolingana kutoka chombo kimoja hadi kingine, na anayemimina huwa hapimi. Kwa hiyo tusizitumie kutafuta chupa ya mwisho inayoruhusiwa. Tuzitumie kuelewa jinsi mpaka ulivyo karibu.

7. Wajibu wetu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaligusa jambo hili moja kwa moja. Inafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, baharini au angani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi wana hatia nzito. Mwaka 2007, Baraza la Kipapa la wakati ule lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo kuhusu uchungaji wa barabarani, wenye amri kumi za dereva. Moja inatudai tuwashawishi kwa upendo wale wasio katika hali nzuri wasiendeshe. Nyingine inatudai tuzisaidie familia za waliopatwa na ajali.

Sasa tunaona kwa nini kuwashawishi wengine ni lazima. Kama dereva aliyekunywa hawezi kujipima, basi anayeweza kumpima ni mwenzake ambaye hajanywa. Kumwachia yeye peke yake uamuzi huo ni kumwachia mzigo ambao ubongo wake kwa wakati ule hauwezi kuubeba. Na uamuzi mzuri ni ule unaofanywa mapema, kabla ya chupa ya kwanza, wakati akili bado ni nzima.

Katika parokia zetu mambo haya yanawezekana. Kamati ya sherehe iteue madereva ambao hawatakunywa, na majina yao yatangazwe. Mezani pawe na vinywaji visivyo na kileo vya kutosha, visiwe vya watoto tu. Wageni wa mbali waandaliwe mahali pa kulala. Kijana wa bodaboda anayesubiri nje apelekewe chakula na soda, asipelekewe bia kama shukrani, kwa maana ndiye atakayembeba mama na mtoto wake kurudi nyumbani. Anayeomba funguo za mwenzake asionekane mchokozi. Na mkubwa akinyimwa funguo na mdogo, awe paroko au mwenyekiti wa jumuiya, azitoe na kushukuru.

Hitimisho

Leonard Goldberg alipima mambo madogo: mpepeso wa mwanga, mguso wa jicho, herufi zilizofutwa kwenye karatasi. Kutokana na hayo tumejifunza kwamba pombe humharibu dereva kabla hajaonekana mlevi, kwamba kuizoea humwongezea ujasiri bila kumwondolea hatari, na kwamba asubuhi yake bado si salama. Swali letu la mwanzo sasa lina jibu. Mtu aliyekunywa si shahidi mwaminifu wa hali yake, kwa hiyo anahitaji ndugu atakayemshuhudia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni maneno gani hutumika kwetu kumsifu mtu anayeimudu pombe, na maneno hayo yanawafundisha nini vijana?
2. Katika sherehe yetu ijayo, nani atashika funguo za madereva, na je, tumempa heshima ya kutosha ili asikilizwe?
3. Je, iko familia katika kigango chetu iliyopoteza mtu kwa ajali ya barabarani? Tuliitembelea mara ya mwisho lini?